Injini Iliyoshuka Garini: Historia ya Mashine za Pwani na Jaribio la Injini Kuukuu

Ndugu wakulima, ukipita vijiji vya pwani kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege, ukaingia Zinga na Kaole mpaka Bagamoyo mjini, kisha ukaendelea kuelekea Makurunge na mto Wami, si ajabu kukuta nyuma ya nyumba ya mtu mabaki ya Landrova ya zamani. Kuku wanatagia ndani, na watoto wanacheza udereva. Ukiitazama vizuri utaona jambo moja. Bodi yake ingali nzima, maana Landrova ilitengenezwa kwa aluminiamu, na aluminiamu haili kutu kama chuma. Lakini chesisi yake ni ya chuma, na hewa ya chumvi inayovuma kutoka baharini huila taratibu mpaka ikakatika. Basi gari la pwani mara nyingi hufa kwa kuvunjika mgongo, hali moyo wake, yaani injini, ungali mzima.

Hapo ndipo mwenye gari, ambaye pia ni mkulima wa nyanya au mpunga, anapojiuliza: injini hii haiwezi kushushwa ikanivutia maji kutoka mtoni? Jibu ni kwamba inaweza. Wengi wamefanya hivyo. Lakini wapo pia walioshusha injini asubuhi, wakaifunga kwenye pampu jioni, wakaikabidhi bustani nzima, na katikati ya kiangazi ikafa huku miche ikiwa na majani mawili mawili. Hasara si injini peke yake. Ni mbegu, mbolea, vibarua na ada za shule zilizokuwa zikingojewa kutoka shambani humo.

Leo basi tuzungumze habari ya injini hizi, zilikotoka na zilivyofika kwetu, na kwa nini tangu zamani mafundi wamekuwa wakitaka injini iwekwe kwanza juu ya stendi, ifungwe nyaya zake, iwashwe peke yake na kusikilizwa kabla ya kupewa kazi.

Tuanze na mabega. Bagamoyo ilikuwa mji wa wapagazi. Katika karne ya 19 misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji ilianzia hapo, na kila frasila ya pembe iliyoshuka kutoka bara ilishuka begani kwa mtu. Wageni wengi walidhani ni uzembe wa nchi kutokuwa na mikokoteni. Sababu yenyewe ilikuwa mdudu, mbung'o, ambaye huua ng'ombe, punda na farasi. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alijaribu njia ya ng'ombe kutoka Saadani kwenda Mpwapwa. Safari ya majaribio ilimpa matumaini, lakini msafara wenyewe wa mwaka 1877, wenye magari ya kukokotwa, ulishindwa kwa kuwa ng'ombe walikufa njiani. Mwaka 1879 waliletwa hata tembo wanne wa Kihindi, wakashushwa ghuba ya Msasani kwa gharama za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ili waonekane kama wataweza kubeba mizigo kwenda bara. Nao mradi wao haukudumu.

Yafaa tulikumbuke jambo hilo, kwa sababu linaeleza kitu ambacho wakulima wa nchi nyingine hawakukiona. Huko Ulaya na Bara Hindi mkulima alitoka jembe la mkono akaenda kwa ng'ombe, na baada ya karne nyingi akatoka kwa ng'ombe akaenda kwa injini. Pwani yetu hatua ya katikati haikuwapo. Kazi ilitoka begani mwa binadamu ikarukia mashine moja kwa moja. Kwa hiyo mashine ilipofika haikukuta mafundi wa magurudumu, wala watengenezaji wa mikokoteni, wala wahunzi wa njumu za farasi, ambao kwingine ndio waliogeuka kuwa mafundi wa kwanza wa gereji.

Injini za kwanza kufanya kazi ya shamba kwetu hazikuwa za gari. Zilikuwa za mvuke, na zilikuja na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika ilikuwa imesalia hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo yalienea mashamba ya pwani yote. Sasa jani la mkonge halina faida mpaka limenguliwe nyama yake ibaki nyuzi, na nyuzi ni sehemu ndogo sana, kilo 3 mpaka 5 katika kilo 100 za majani. Kazi hiyo haiwezekani kwa mkono kwa wingi wa shamba kubwa. Wajerumani wakaleta mashine iliyopewa jina la Corona, na wafanyakazi wakaliswahilisha wakaita korona, hata jengo zima la kusindikia mkonge likaitwa hivyo. Mashine hiyo ilizungushwa kwa mkanda mrefu kutoka kwenye injini iliyosimama mahali pamoja.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya injini waliyoiona babu zetu. Imekaa juu ya kitako chake, ina mtu wake wa kuitazama usiku na mchana, na haifungwi mkanda mpaka imepata moto na mwendo wake umetulia. Vibarua wa mkonge walijua kwamba injini ina adabu zake kabla ya mzigo. Baadaye lilipokuja gari, adabu hiyo ikasahaulika, kwa sababu katika gari injini imefichwa ndani ya bodi na dereva anachotaka ni kuondoka.

Na gari lenyewe halikuanza kwa kutufaa. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyotengenezwa Gaggenau, akikusudia kuvuka Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza kuvuka bara hili kwa gari. Lakini petroli yake ilitangulizwa njiani na kuwekwa vituoni, na waliobeba walikuwa wapagazi. Yaani motokaa ilitembea, lakini ilitembea juu ya mabega yale yale.

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyomwaga magari katika nchi. Bagamoyo ilitekwa na Waingereza mwezi Agosti 1916, na katika vita hivyo jeshi lao lilitumia magari ya Ford, aina ya T, kubeba chakula na risasi. Gari hilo lilitengenezwa Marekani kati ya mwaka 1908 na 1927, zaidi ya milioni 15. Tulitaje hapa kwa sababu lina somo la nyaya. Halikuhitaji betri ili injini iwake. Ndani ya flaiwili yake zilifungwa sumaku, nazo zikizunguka zilitoa umeme, umeme ukaenda kwenye sanduku la mbao lenye koili nne, kila silinda na koili yake. Koili hizo zilikuwa zikivuma kama nyuki. Fundi alisimama akasikiliza, na mvumo uliokosekana ulimwambia ni silinda ipi imekufa.

Wakulima wa Marekani hawakungoja gari hilo lichakae. Walilipiga jeki, wakafunga mkanda kwenye gurudumu la nyuma, wakapasua mbao na kusaga nafaka. Kwa hiyo jambo la kuifanya injini ya gari ifanye kazi ya shamba si ubunifu wa shida zetu peke yetu. Lina umri sawa na magari yenyewe.

Aina nyingine za magari zilitumia magineto, chombo kidogo chenye sumaku na waya, kilichoboreshwa Ujerumani mwaka 1902 katika kiwanda cha Robert Bosch na fundi wake Gottlob Honold ili kitoe cheche kubwa. Kisha Mmarekani Charles Kettering akatengeneza mpango wa betri, koili na pointi, na mwaka 1912 magari ya Cadillac yakatoka na stata ya umeme. Mpango huo wa Kettering ndio uliotawala magari ya petroli kwa zaidi ya miaka 60, na ndio uliomo katika Landrova yako ya zamani. Uzuri wake ni kwamba cheche ni kali hata injini ikizungushwa polepole. Ubaya wake ni kwamba betri ikifa injini nayo haiwaki, na waya mmoja ukikatika kila kitu kinyamaze.

Sasa tufike mahali ambapo nataka tukae kidogo, ndugu wakulima, maana ni historia ya nchi yetu na ilituachia makovu.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Watu wa Ulaya walikuwa wamepungukiwa mafuta ya kupikia baada ya vita, na wakubwa wa London wakaona pori letu ndilo jibu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Mashine mpya hazikupatikana, kwa hiyo yalinunuliwa matrekta na matingatinga yaliyotumika katika vita, mengine yakitoka Misri na mengine Ufilipino, ambako yalikuwa yamekaa juani na mvuani. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine zilishushwa bandari ya Dar es Salaam, zikapanda treni, zikapelekwa Kongwa, na zikaingizwa kazini.

Kufikia miezi ya katikati ya mwaka huo huo, kama theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafanyi kazi. Zilizofyekwa zilikuwa ekari 7,500 hivi. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, mizizi yake hukunja chuma, vipuri havikuwapo na karakana ilikuwa bado haijakamilika. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mamilioni ya pauni yakafutwa katika vitabu vya Uingereza.

Watu wengi wakisimulia mradi ule hutaja udongo na mvua, na wana haki. Mimi ningeongeza injini. Mashine iliyokwisha kutumika katika vita, ukiinunua kwa kuiangalia rangi, hujanunua mashine, umenunua bahati nasibu. Ni rahisi kumlaumu dereva Mgogo aliyefundishwa kwa wiki chache, lakini dereva hawezi kuulizwa habari za pistoni iliyolika Ufilipino. Kama kila injini ingefunguliwa, ikapimwa na kuwashwa peke yake kabla ya kupandishwa treni, mbovu zingejulikana pale pale bandarini.

Wakati huo huo, bila kelele, ilikuwa ikienea injini nyingine ambayo wengi wenu mnaijua kwa sauti yake. Ni Lister, iliyotengenezwa na kiwanda cha R. A. Lister mjini Dursley, Uingereza. Ile ya dizeli ya mwendo wa polepole ilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuendelea mpaka mwaka 1987, na mfano wake ungali unatengenezwa Bara Hindi. Ile ya nguvu 6 za farasi huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Tu-tu-tu-tu, kijiji kizima kinajua leo unga upo. Haina betri, haina koili, haina plagi. Inawashwa kwa hendeli. Maji yake ya kupozea hukaa ndani ya pipa na kuzunguka yenyewe, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Tena ina gavana, chombo kinachopunguza mafuta mwendo ukizidi na kuongeza mwendo ukipungua.

Landrova ilikuja baadaye, mwaka 1948. Watengenezaji wake waliifikiria kama gari la shamba, na waliiwekea mahali pa kutolea nguvu ya injini ili izungushe msumeno au mashine ya kusaga. Hata gavana waliiuza kwa aliyeitaka. Injini yake ya petroli ya lita 2 na robo, iliyotoka mwaka 1958, ndiyo mafundi wetu wanayoijua kuliko nyingine. Basi hiyo na ichukuliwe kuwa mfano wetu, na aliye na injini ya aina nyingine afuate vipimo vya kitabu chake.

Injini ikishushwa garini hupoteza vitu vinne ambavyo ilikuwa ikivipata bila mtu kuviona. Inapoteza upepo wa mwendo uliosaidia rejeta. Inapoteza bomba la moshi lililopeleka sumu nyuma. Inapoteza mguu wa dereva, ambao ndio uliokuwa gavana wake. Na inapoteza chesisi, ambayo kwa umeme ilikuwa nusu nzima ya nyaya zote.

Hilo la mwisho ndilo linalowasumbua watu zaidi. Umeme wa betri hauna faida usipopata njia ya kurudi betrini. Katika gari waya unakwenda kwenye taa au stata, na njia ya kurudi ni chuma chenyewe cha gari, ambayo mafundi huiita ethi. Sasa wewe umetengeneza stendi ya magogo ya mwembe au mbao nene, ukaikaza injini kwa bolti, na betri umeiweka chini kwenye mchanga. Ethi iko wapi? Mbao hazipitishi umeme. Ukikanyaga stata, umeme hutafuta njia yoyote, hata kupitia waya mwembamba wa choki au wa kukanyagia mafuta kama umegusa chuma mahali, na waya huo huwaka mwekundu.

"Fundi, mbona waya wa choki unatoa moshi, na stata haijazunguka hata mara moja?"

"Mzee, umeme umeupa njia ya kwenda. Ya kurudi hukuupa."

Kwa hiyo waya wa kwanza kufunga ni ule mnene wa ethi, kutoka betrini mpaka kwenye bolti ya injini yenyewe, mahali palipokwanguliwa rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa. Waya mnene wa pili unatoka ncha ya pili ya betri kwenda kwenye swichi ya stata na stata yenyewe. Usitumie waya wa taa kwa kazi hiyo, utayeyuka. Stata ifungwe kwenye nyumba ya flaiwili, kwa hiyo unapotenganisha injini na gia boksi usiiache nyumba hiyo kule garini.

Halafu nyaya nyembamba. Kutoka betrini, kupitia fyuzi, waya uende kwenye swichi, na swichi iwe mahali ambapo mkono wako utaifikia bila kupita juu ya feni. Kutoka swichi uende kwenye koili, kichwa kilichoandikwa SW. Kichwa cha pili cha koili, CB, kiende kwenye distribyuta, ambako ndani mna pointi na kondensa. Pointi zikifunga, umeme hujaa koili, na zikifunguka, koili hutupa cheche kupitia waya mnene wa katikati kwenda kwenye kifuniko cha distribyuta, na kifuniko huigawa kwa plagi. Mpangilio wa kuwaka wa injini hii ni 1, 3, 4, 2, na rota yake huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Mtu akizifunga nyaya za plagi 1, 2, 3, 4 kwa sababu hesabu hupangwa hivyo, injini itapiga chafya na kutema moto kwenye kabureta, naye atadhani ni mbovu.

Kuna mtego mwingine wa kihistoria. Magari ya Kiingereza ya zamani yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye ethi. Landrova ziligeuzwa mwaka 1967 hivi, zikawa hasi kwenye ethi kama magari ya leo. Tazama injini yako ni ya kabla au baada. Koili ikifungwa kinyume injini inaweza kuwaka, lakini cheche huwa dhaifu, na injini yenye plagi zilizochakaa itakataa asubuhi ya baridi. Dainamo kwa siku ya jaribio ziachwe nyaya zake zimefunikwa mpira zisigusane. Usiutoe mkanda wake, maana ni huo huo unaozungusha feni na pampu ya maji. Betri nzima itaihudumia koili kwa saa nyingi bila kuchajiwa.

Kwa sisi wa pwani kuna adui wa nyongeza, ile chumvi iliyokula chesisi. Huingia ndani ya kifuniko cha distribyuta na kufanya ukungu wa kijani kwenye shaba. Kwangua kila kichwa cha waya kabla ya kukaza. Na maji ya rejeta yasiwe ya kisima chenye chumvi, hata kama wewe unayanywa na hayakudhuru. Tumia maji ya mvua. Kama huna rejeta, pipa la lita 200 kama la Lister linafaa kabisa, ila mabomba yake yawe mapana na pipa liwe limejaa mpaka juu ya bomba la juu, vinginevyo maji hayatazunguka.

Tufike kwenye jaribio lenyewe. Usianze na ufunguo, anza na mkono. Badilisha oili. Toa plagi zote nne, tia oili kijiko kimoja katika kila silinda, iache ilale. Kesho yake izungushe kwa hendeli. Kama haizunguki usiilazimishe kwa stata, utavunja kitu. Ikizunguka laini, rudisha plagi, izungushe tena polepole. Katika mizunguko miwili kamili unapaswa kuhisi ubishi mara nne, unaolingana. Ubishi mmoja ukikosekana, valvu au pete za silinda hiyo zina neno, na heri umelijua leo.

Shika hendeli dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, na vuta juu, usisukume chini. Magari ya Ford yalivunja mikono ya watu wengi kwa kurudisha hendeli nyuma, na desturi hiyo ya kushika ilitokana na mifupa yao.

Majira ya cheche huangaliwa kwa balbu ndogo tu. Iweke silinda namba moja mahali pa kuwaka, funga balbu kati ya kichwa cha CB cha koili na chuma cha injini, washa swichi, kisha geuza distribyuta taratibu. Balbu ikiwaka, pointi ndiyo kwanza zimefunguka. Kaza hapo. Kisha toa plagi tena, izungushe kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Injini isiyoonyesha oili bila plagi isiwashwe na plagi.

Tangi la petroli liwe mbali na bomba la moshi, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Wapo wanaomimina petroli kwa kopo mdomoni mwa kabureta huku injini inazunguka. Wengine wana nyuso zilizoungua za kuthibitisha. Na jaribio lifanywe nje, si ndani ya banda. Moshi wa petroli una hewa isiyo na harufu inayoua, na mtu huanza kwa kusinzia tu. Watoto wakae mbali na feni, na mwenye kanzu au khanga inayoning'inia asisogee.

Ikiwaka, macho yako yawe kwenye geji ya oili kabla ya kufurahi. Haikupanda katika sekunde chache, zima. Injini hii ikiwa ya moto na katika mwendo wa kazi hutaka pauni 35 mpaka 65. Iache iende kwa utulivu, bila mzigo, dakika 20 au 30, nawe usiondoke. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia silinda, na ukichomoa kijiti cha oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, usiendelee, gasketi ya kichwa imekufa. Gonga la mara kwa mara linaloongezeka unapoongeza mwendo ni beringi za chini, na hizo hazitengenezwi kwa kuombea.

Zima, iache ipoe, kaza bolti za stendi na nati zilizolegea, tazama yanapovuja maji na oili. Irudie siku ya pili na ya tatu. Ndipo ufunge mkanda wa pampu. Na hapo tena, bila gavana asiondoke mtu: mkanda ukikatika au pampu ikikosa maji, mzigo hutoweka ghafla na injini hupaa mwendo mpaka ijivunje.

Jaribio la mwisho ni la mfuko. Injini yenye nguvu 70 za farasi, ukiipa pampu inayotaka nguvu 5, hula petroli nyingi kwa kujizungusha yenyewe. Usishangae ikinywa lita 3 au zaidi kwa saa, wakati Lister ya nguvu 6 ikibeba mzigo wake wote hutumia dizeli kama lita 1 na robo. Siku hizi pia kuna pampu ndogo za petroli ambazo mtu mmoja hubeba mkononi, na za jua ambazo hazinywi kitu. Basi pima. Funga chupa ya lita moja badala ya tangi, iache injini ivute maji, hesabu dakika mpaka chupa iishe. Zidisha kwa saa za kumwagilia mpaka mavuno, uliza bei ya petroli, weka pembeni ya bei ya tenga la nyanya Bagamoyo mjini au Dar es Salaam. Hesabu ikikataa, iuze injini ikiwa juu ya stendi yake, mnunuzi aisikie inavyokwenda. Wenye chesisi nzima na injini mbovu wapo, hasa huko bara ambako chumvi ya bahari haifiki.